Kwetu Aliyelala Haitwi

Kwa nini nyumbani kwetu mtu aliyelala haitwi kwa jina? Nilipokuwa mtoto niliuliza swali hilo jioni moja wakati wa kula, katika fleti yetu ya Fridley, huku Amerika, na watu wazima watatu waliolisikia wakafanya kile wanachofanya watu wazima wa kwetu wakiulizwa jambo. Baba, aliyekuwa anakula sebuleni kwa sababu kwa mila zetu mwanamume haketi meza moja na mama mkwe wake, aliniambia nile. Mama akatazama saa, maana alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Nyanya, ambaye swali lilikuwa lake hasa, akamega tonge, akalichovya, akalitafuna polepole kana kwamba ndani yake mna mwiba wa samaki. Nikanyamaza. Wenzangu wa klabu ya mdahalo hapa chuoni wanajua sasa kwamba mimi nikinyamaza sijaridhika, napanga hoja tu.

Nyanya, mama yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyamira, akakuta baridi imeshaanza. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika makao yao kule Roseville, zamu ya usiku, kwa hiyo kwetu mchana ndio uliokuwa usiku: mapazia yamefungwa, televisheni haina sauti, mimi nikitoka shule naingia nimeshika viatu mkononi. Hayo tulikuwa nayo hata kabla ya Nyanya kufika. Alichokileta yeye ni sheria. Aliyelala hapigiwi kelele. Haitwi jina lake, hata kwa upole, hata kama nyumba inaungua. Anaguswa mguu. Wala haguswi hivi hivi: unapasha mikono kwenye hita mpaka vidole vipoteze baridi, halafu unashika kisigino, unatulia, unakisugua kidogo, unatulia tena, mpaka mwenye mguu arudi mwenyewe.

"Arudi kutoka wapi?" nilimuuliza.

"Alikokuwa."

Mama alikuwa na saa ya kengele iliyolia kama lori linalorudi nyuma. Siku moja ikapotea, Mama akachelewa kazini. Mimi ndiye niliyeikuta, ndani ya ndoo ya unga, imefungwa leso kama mtoto mchanga.

"Mama, hapa ni Amerika!" Mama alifoka akiikung'uta unga. "Hapa ukichelewa wanakupa onyo, ukirudia wanakuonyesha mlango."

"Nitakuamsha mimi."

"Kwa hivyo wewe ndiye alamu sasa?"

"Nilikuamsha mimi mpaka siku unaolewa. Uliwahi kufa?"

Nilimsikia Baba akicheka sebuleni mpaka akakohoa. Baba alikuwa mzee wa kanisa letu, kanisa la Wakenya lililokuwa likikodi jengo kule Richfield, na mambo haya ya Nyanya aliyaita "yale ya kale". Alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Huyu akiingia jikoni, yule anatoka. Hawakupeana mkono, hawakutazamana usoni, na walipokuwa na neno la kuambiana lilipitia kwangu. "Moraa, mwambie Nyanya yako chai iko tayari." "Moraa, mwambie baba yako nimeshukuru." Fleti yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kuliko nilivyowasikia mimi, lakini nilibeba ujumbe, nikaufikisha, na kusema kweli nilijiona mtu muhimu sana.

Basi nikaanza kumhoji Nyanya. Alipenda kuchagua maharagwe akiwa ameketi karibu na hita, nami nikitoka shule nilikaa chini pale nikimsaidia kutoa vijiwe, ingawa maharagwe ya dukani hapa hayana vijiwe, yeye hakuyaamini. Nikimjibu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi. Nusu ya Kiswahili ninachoandika sasa nilikipata pale chini, kwa kutaka kujua.

"Ni nani aliyekufa kwa kuitwa?"

Aliniangalia kwanza, kisha akageukia maharagwe. Kaka yake, Onsongo, alikuwa amelima tangu alfajiri, akajilaza kando ya shamba kupumzika. Rafiki yake akamwita kutoka barabarani. Onsongo akainuka, akasema "Nani?", akaanguka. Alikuwa kijana, hajaoa. Kisha dada yake, Bosibori, alikuwa amejifungua si muda mrefu. Mtoto akalia ghafla kando yake, naye akakaa wima kitandani, akaanguka ubavu.

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimnyonyesha mimi. Akakua, akawa msichana mzuri, mwepesi wa kucheka. Simu za mkononi zilipofika kwetu akanunua moja, akawa analala nayo kichwani. Ikalia." Nyanya alichukua harage, akaligeuzageuza, akalitupa kwenye bakuli. "Wote waliitwa. Na wote waliitika."

"Ni nani aliyewaita?"

"Anayeita siye yule unayemsikia."

Akanieleza. Mtu akilala roho yake inatoka kutembea. Ukimgusa mguu taratibu, inajua mwili unaihitaji, inarudi kwa hatua zake. Ukimwita kwa kishindo, inarudi mbio, inajikwaa mlangoni, mlango unajifunga nayo iko nje. Niliwaza sana kuhusu mlango huo. Uko wapi? Kifuani? Mdomoni? Nilijaribu kulala nikiwa macho ili niione roho yangu ikitoka, nikaambulia usingizi tu.

"Lakini Nyanya," nikaleta hoja, "mwalimu aliniita darasani nikisinzia, na sikufa."

"Wewe una damu ya baba yako. Damu nzito, ya watu wasioshtuka."

Kutoka sebuleni sauti ikasema: "Moraa, mwambie Nyanya yako asante."

Nilicheka. Kisha nikauliza swali ambalo sikujua kama ni la kucheka au la kulia. "Na Mama?"

Mikono yake ikasimama juu ya sinia. Mama alikuwa ameshawahi kuanguka, mwaka mmoja kabla, simu ilipolia karibu na mto wake. Alizimia, mwili ukakakamaa na kutetemeka, akaamka hajui alipo. Hospitali walisema ni kifafa, wakampa vidonge, na kwetu neno hilo halikutajwa tena, kwa sababu kazini wangemtoa kwenye kuinua wagonjwa na kanisani wangeanza kumwekea mikono.

"Unafikiri nilipanda lile dude la angani kuja kutazama barafu?" Nyanya alisema. "Nimekuja kumlinda."

Ilikuwa Jumamosi, jua kali juu ya theluji, lile jua la hapa linalong'aa bila joto. Baba alikuwa kazini. Mama alikuwa amerudi asubuhi, akalala. Jirani wa juu aliunguza kitu kwenye mafuta, na king'ora cha moto cha jengo zima kikaanza kulia, kwenye ukumbi na ndani ya kila fleti, sauti inayoingia mpaka kwenye meno.

Nyanya alinipita mbio. Sikujua kama anaweza kukimbia. Nilipofika mlangoni mwa chumba nilimwona Mama amekaa wima, nywele zimesimama upande mmoja, macho wazi. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani?"

Akaanguka.

Nimesikia watu wakisema kwamba mambo kama hayo unayakumbuka kama ndoto. Mimi nayakumbuka kama mambo yaliyotokea kweli. Nilipiga nambari ya dharura. Mwanamke upande wa pili aliniuliza kama anapumua; nikasema anakoroma vibaya, kisha nikasema hapumui. Akaniambia niweke viganja katikati ya kifua chake nibonyeze kwa nguvu, haraka, nisiogope kumuumiza. Nikaweka simu kitandani, nikabonyeza. Nyanya alikuwa miguuni, ameshika nyayo zote mbili, anazisugua, na midomo yake imefungwa kabisa. Binti yake anakwenda, naye hata jina lake hakulitaja. King'ora kikaendelea. Kisha Mama akavuta pumzi ndefu, yenye kelele, kama mtu anayetoka chini ya maji, akanitazama na kuniuliza kwa nini namuumiza.

Mpaka leo Nyanya anaamini ni nyayo. Mimi naamini ni kifua. Tumekubaliana kutokubaliana, na akinipigia simu bado tunaurudia mjadala huo, kila mtu na shahidi wake, na shahidi wa wote wawili ni Mama, ambaye hakuona lolote.

Hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilifanywa, na mashine ikaandika kwamba hakuna jambo kubwa. Daktari wa zamu, mwanamke mwenye macho yaliyochoka, alimuuliza Baba, aliyekuwa amefika na sare yake ya kazi, kama kuna mtu katika familia ya mke wake aliyewahi kufa ghafla akiwa bado kijana.

Baba akajibu kwa Kiingereza chake cha kazini, kilichonyooka, kwamba hapana.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na ndiyo ninayoishi nayo hata sasa. Lakini nimeigeuza mara nyingi, na ni lazima niwe wa haki. Baba hakusema uongo. Angeulizwa akiwa ameapishwa angejibu vilevile. Kwake yeye watu wale hawakufa kwa ugonjwa wa moyo, walikufa kwa kuitwa. Na kuitwa si ugonjwa. Ni jambo la kijijini, la watu wasiookoka, ambalo mzee wa kanisa hawezi kulitamka mbele ya daktari Mzungu anayedhani tayari kwamba tunatoka porini. Daktari aliuliza kuhusu moyo. Nyanya alikuwa na habari za jina. Katikati yao alisimama mwanamume mwema, anayempenda mke wake, akalifunga lango.

"Anauliza nini?" Nyanya aliniuliza.

"Moraa," Baba alisema akitazama ukuta, "mwambie Nyanya yako anauliza kama Mama alikuwa amekula."

Daktari akasema basi wataongeza vidonge vya kifafa, Mama apumzike, kisha tutakwenda nyumbani. Alishaanza kuvuta pazia. Nami nilikuwa na swali, na swali likinikaa kooni huwa silimezi. Nikalitoa kwa Kiingereza:

"Kuna moyo unaoweza kusimama kwa sababu ya kelele?"

Mkono wake ukabaki kwenye pazia. "Kelele gani?"

"Moraa!" Baba alisema. "Mwambie Nyanya yako hapa ni hospitali."

Nyanya hakujua Kiingereza lakini alijua uso wa mtu anayeuliza kwa kutaka kujua. "Moraa, mwambie baba yako nimeona vitanda."

"Mwambie Nyanya yako tusiaibishane mbele za watu."

"Mwambie baba yako aibu haijawahi kuua mtu wa kwetu. Aniulize ni nini kimewaua."

Walikuwa wamesimama karibu hivi, mgongo kwa mgongo, wote wakizungumza Kiswahili, nami katikati nikigeuza shingo huku na huku. Daktari akaniuliza, kwa adabu sana, nilikuwa natafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani.

Kutoka kitandani Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Mwacheni aseme. Mimi ndiye ninayeanguka."

Baba akainamisha kichwa. Daktari akarudi, akavuta kiti, akaketi. Nyanya akasema, nami nikatafsiri: Onsongo na rafiki aliyeita, Bosibori na kilio cha mtoto, yule binti na simu yake. Nilitafsiri hata ile ya roho kujikwaa mlangoni, kwa sababu sikuona ni kwa haki gani niikate. Daktari hakucheka. Kwa kila mtu aliuliza jambo lile lile: alikuwa anafanya nini dakika ile? Alikuwa amelala? Sauti ilikuja ghafla? Kisha akaagiza kipimo kirudiwe, na mara hii hakuiachia mashine. Aliukagua mstari mwenyewe, akapima kwa rula kutoka wimbi moja hadi jingine, akaenda kumwita daktari wa moyo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa herufi, Q na T, ambazo madaktari huyaita kwazo mawimbi mawili ya ule mstari, kwa kuwa nafasi kati yake ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Daktari wa moyo alinieleza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nauliza. Moyo una umeme wake. Baada ya kila pigo unajichaji upya, tayari kwa pigo linalofuata. Kwa watu wa ukoo wa Nyanya kujichaji huko kunachelewa. Kwa kawaida hakuna neno. Mtu analima, anazaa, anacheka. Lakini mshtuko ukija katikati, hasa sauti ya ghafla inayomkuta mtu usingizini, mdundo unavurugika, moyo unatetemeka bila kusukuma damu, na mtu anazimia na kukakamaa kama mwenye kifafa. Wengine mdundo hurudi. Wengine haurudi.

Akatoa masharti. Mama anywe kidonge cha kutuliza mapigo kila siku. Asimeze dawa yoyote, hata ya mafua, kabla ya kuuliza, kwa sababu nyingine huzidisha tatizo. Watoto wapimwe. "Na nyumbani," akasema, "saa ya kengele itoke chumbani. Simu ilale chumba kingine. Msimwamshe kwa kishindo. Mtu amguse taratibu."

Nikamtafsiria Nyanya neno kwa neno. Nilitarajia ashangilie. Yeye akamtazama daktari kwa muda mrefu, kwa huruma.

"Mwulize," akasema, "kwao wamekufa wangapi mpaka wakajua?"

Nikamwuliza. Daktari wa moyo akasema ni wengi, wa familia nyingi, na kwamba watafiti walijua hivyo hivyo: kwa kuwafuata waliobaki na kuwauliza marehemu alikuwa anafanya nini. Nyanya akatikisa kichwa kama anayepokea salamu za rambirambi.

Siku chache baadaye Baba alirudi nyumbani na sanduku. Ndani mlikuwa na taa ya kando ya kitanda inayowaka polepole, ikianza na wekundu hafifu, mpaka chumba kinakuwa kama kumekucha. Haina sauti. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akarudi sebuleni.

"Moraa, mwambie Nyanya yako nimenunua taa."

"Moraa, mwambie baba yako ni nzuri. Lakini taa haina mikono."

Naye aliendelea kuamsha.

Sitaki mtu asome haya akasema wazee wetu walijua yote. Juzi kwenye mdahalo kijana mmoja alisema mila ndiyo inayotuua, na mwenzake akamjibu kwamba mila ndiyo dawa, na wote wawili walipigiwa makofi, nami nikataka kurusha kiti. Nyanya alijua ni lini watu wa kwao hufa. Kwa nini, hakujua, na kwa kuwa sababu aliyokuwa nayo ilitosheleza, hakuna hata mmoja wao aliyepelekwa kupimwa. Vidonge vya Mama alivikubali, lakini kwa kuwa "vitaiziba roho masikio". Madaktari nao walimpa Mama dawa za kifafa mwaka mzima bila kumuuliza yeyote kulikuwa na sauti gani chumbani. Na sisi wenyewe, watu wa kanisa na wa kazi za kuhudumia wagonjwa, tulikuwa na jibu limeketi karibu na hita likichagua maharagwe, tukaambiana tusiaibishane. Ninapomkumbuka yule binti aliyelala na simu, simkasirikii Nyanya. Nalikasirikia lile swali la daktari ambalo halikufika kwake kwa wakati.

Kuhusu damu nzito ya baba yangu, Nyanya alikosea. Nilipimwa, na nafasi kati ya herufi zangu ni ndefu kama ya Mama. Asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua macho, nilihisi kisigino changu kimeshikwa na mkono wenye joto, joto la kutoka kwenye hita, na mkono huo haukusugua. Ulikaa tu. Nilikuwa nimeshaamka, lakini nilijifanya nimelala, nikajiuliza kama roho yangu iko ndani au nje, na kama iko nje, imeona nini. Kisha nikarudi, kwa hatua zangu.

Mama yu hai, bado yuko Fridley, bado ana taa. Nyanya yuko kwao, na nyumbani kwake simu inalala jikoni. Mimi nameza kidonge kila asubuhi, naishi bweni lenye watu wanaopenda kugonga milango, na kila mwaka namfundisha upya mwenzangu wa chumba.

Nawe pia nakuomba. Ukinikuta nimelala, popote pale, maktabani au kwenye kochi lako, usiniite. Pasha mikono yako kwanza, halafu niguse kisigino.